Barua kwa Zachary: maswali matatu ambayo Kanada iliyajibu kama swali moja

Jioni ya tarehe 5 Novemba 2001, Andrew Bagby alimwambia daktari mwenzake kwamba anakwenda kuonana na mwanamke waliyeachana naye siku chache tu nyuma, na kwamba wakimalizana atapita nyumbani kwa huyo mwenzake. Hakupita. Kesho yake asubuhi mwili wake ulikutwa kwenye maegesho ya magari ya hifadhi ya Keystone, karibu na mji mdogo wa Latrobe katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ukiwa na majeraha matano ya risasi. Alikuwa na umri wa miaka 28, daktari aliyekuwa katika mafunzo ya udaktari wa familia. Alikuwa pia mtoto pekee wa David na Kathleen Bagby wa California.

Filamu ya makala iitwayo Dear Zachary: A Letter to a Son About His Father, iliyotoka mwaka 2008, inaanzia kwenye kifo hicho. Wanaoitazama hutoka wakilia, na machozi yakikauka hubaki na swali ambalo filamu yenyewe, kwa sababu ya kasi yake na hasira yake, haina nafasi ya kulifungua lote: ilikuwaje mtu anayetuhumiwa kuua akaachwa nyumbani na mtoto wa aliyeuawa? Nimelizungukia swali hili kwa muda mrefu, na nadhani jibu lake linafahamika vizuri zaidi tukilikata vipande.

Nitoe tahadhari mapema. Makala hii inasimulia filamu mpaka mwisho. Kama hujaiona na ungependa ikukute kama ilivyotukuta wengine, itazame kwanza halafu urudi.

Kurt Kuenne, aliyeitengeneza, hakuwa mwanahabari aliyetumwa kufuatilia kesi. Alikuwa rafiki wa Andrew tangu utotoni. Walipokuwa wavulana, Kuenne alikuwa akipiga filamu kwa kamera ya nyumbani na Andrew alikuwa mwigizaji wake. Andrew alipouawa, mikanda ile ya michezo ya watoto ikageuka masalio ya marehemu. Kuenne akaingia barabarani na kamera kuwahoji watu waliomjua rafiki yake, kote Marekani, Kanada, na Uingereza alikotoka Kathleen. Nia yake ilikuwa ndogo na ya kifamilia: kukusanya alivyokuwa Andrew kabla watu hawajaanza kusahau sauti yake.

Kisha ikaja habari ambayo hakuna aliyejua aipokee vipi. Mtuhumiwa, yule mwanamke ambaye Andrew alikwenda kuonana naye, alikuwa na mimba yake. Mtoto alizaliwa tarehe 18 Julai 2002 huko St. John's, katika jimbo la Newfoundland na Labrador, akapewa jina Zachary. Hapo kumbukumbu za Kuenne zikapata mtu wa kuandikiwa. Zikawa barua kwa mtoto ambaye hatamwona baba yake, apate kusikia kwa vinywa vya waliompenda huyo baba alikuwa mtu wa namna gani.

Mtuhumiwa alikuwa Shirley Turner, daktari wa Newfoundland aliyemzidi Andrew zaidi ya miaka kumi na miwili. Walifahamiana St. John's, Andrew alikokuwa akisomea udaktari. Wakati wa mauaji yeye alikuwa akiishi Iowa, mwendo wa kilomita 1,500 hivi kutoka Latrobe. Aliwaambia polisi kwamba usiku ule alikuwa kitandani kwake, mgonjwa. Rekodi za simu zilieleza safari nyingine kabisa. Lakini kabla hati ya kumkamata haijamfikia, alikwishavuka mpaka na kurudi Kanada. Alikamatwa huko Desemba 2001, akaachiwa kwa dhamana.

Kuanzia hapo, maswali matatu tofauti yalikuwa mbele ya watu watatu tofauti.

La kwanza: apelekwe Marekani akajibu mashtaka, au la? Watazamaji wengi hupandwa na hasira kwenye sehemu hii. Ushahidi upo, mtu anajulikana alipo, nchi mbili ni majirani na marafiki, sasa kinachokwamisha ni nini? Kinachokwamisha ni kwamba Kanada haimtoi mtu aliye ndani ya mipaka yake kwa sababu tu jirani ameomba. Sheria yake ya mwaka 1999 inaweka ngazi tatu. Wizara ya Sheria hupima ombi na kuidhinisha shauri lianze. Kisha jaji husikiliza, na hapo wengi hukosea: jaji huyo haamui kama mtu ameua. Anaangalia kama ushahidi uliotumwa, lau tendo lingefanyika Kanada, ungetosha kumfikisha mtu mbele ya mahakama kujibu. Akiridhika, faili linarudi kwa Waziri wa Sheria, ambaye ndiye anayeamua kumkabidhi mtu au kutomkabidhi. Uamuzi wa jaji una rufaa yake, na wa waziri una njia yake ya kupingwa mahakamani. Juu ya hayo yote, Februari 2001, miezi michache kabla ya Andrew kuuawa, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuwa imeamua kwamba, isipokuwa katika hali za pekee kabisa, hakuna wa kukabidhiwa kwa nchi yenye adhabu ya kifo mpaka ipatikane ahadi kwamba adhabu hiyo haitatekelezwa. Pennsylvania ni jimbo lenye adhabu hiyo katika sheria zake.

Sina ugomvi na ngazi hizi. Ziliwekwa kwa ajili ya yule mtu mmoja katika kumi ambaye ombi la kumrudisha lina walakini, na kama ningekuwa mimi ndiye huyo mmoja ningeshukuru kila ngazi. Ila zinakula muda. Turner alikamatwa Desemba 2001, na jaji akaridhika kwamba anapaswa kukabidhiwa Novemba 2002. Ndani ya miezi hiyo kumi na moja mimba ilikua, mtoto akazaliwa, akaanza kutabasamu.

Swali la pili linatokana na la kwanza: muda wote huo mtu akae wapi, rumande au kwake? Katika Kanada, haki ya mshtakiwa kutonyimwa dhamana bila sababu ya msingi imo ndani ya Katiba tangu mwaka 1982, sambamba na haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kanuni ya Adhabu inataja sababu tatu za kumzuia mtu: kuhakikisha atafika mahakamani, kulinda usalama wa umma, na kulinda imani ya watu katika utoaji haki.

Jaji alipoamua Novemba 2002 kwamba kesi ina uzito wa kutosha, Turner alipelekwa gerezani kusubiri uamuzi wa waziri. Akakata rufaa. Tarehe 10 Januari 2003 akaachiwa tena kwa dhamana. Hoja iliyotolewa ndiyo moyo wa mkasa huu. Kosa analotuhumiwa, ilisemwa, ni zito na la kikatili, lakini halikuelekezwa kwa umma kwa ujumla. Lilikuwa mahususi.

Neno hilo, mahususi, linahitaji kukaliwa kidogo. Kwa lugha nyepesi lina maana kwamba aliyeuawa alikuwa mpenzi wa mtuhumiwa, hakuwa mpita njia, basi wapita njia hawana cha kuhofia. Kama swali ni usalama wa watu wa mjini, hoja hiyo haina kichaa ndani yake. Mtu anayedaiwa kumuua mpenzi aliyemwacha huenda kweli asimguse muuza duka. Lakini ukilikubali neno hilo, linakutaka uendelee kuuliza. Kama hatari yake huwaelekea watu mahususi, ni nani leo aliye mahususi kwake? Nani yuko karibu naye, anafungamana na aliyeuawa, na hana uwezo wa kuondoka? Jibu lilikuwa na umri wa miezi isiyotimia sita, na liliishi ndani ya nyumba aliyokuwa anarudi.

Hilo ni swali la tatu, na lilikuwa na wenyewe. Maafisa wa ustawi wa jamii hawahitaji kujua nani alimuua nani. Kazi yao ni kuuliza kama mtoto huyu yuko salama hapa alipo. Kipimo chao pia si kile cha mahakama ya jinai. Ili kumfunga mtu, shaka yote ya msingi lazima iondoke. Ili kumlinda mtoto, inatosha kuwepo sababu za kweli za kuhofia. Mzazi anaweza kuwa hana hatia machoni mwa sheria ya jinai na wakati huohuo asiwe mtu wa kuachiwa mtoto mchanga. Kauli hizo mbili hazipingani, kwa sababu zinajibu maswali mawili.

Kilichotokea ni kwamba jibu la chumba kimoja liliazimwa na chumba kingine. Zachary naye alikufa, kwa namna nitakayoisimulia hapa chini. Serikali ya jimbo ilipoagiza uchunguzi wa kifo hicho, kazi hiyo iliongozwa na Peter Markesteyn, daktari bingwa wa uchunguzi wa vifo, na ripoti yake ilitolewa Oktoba 2006. Ilihitimisha kwamba kifo cha Zachary kingeweza kuzuiwa. Ilionyesha maafisa wasiopashana habari ipasavyo, walioichukua ile kanuni ya kutokuwa na hatia na kuifanya mwongozo wa kazi isiyohusika nayo, wakahangaikia hali ya mama kuliko hali ya mtoto. Nakereka ninapowasikia watu wakiitupia lawama kanuni yenyewe. Kanuni ile ni ngao ya kila mmoja wetu. Ubaya ulikuja ilipotolewa mahakamani na kupelekwa kwenye kitanda cha mtoto, mahali ambapo haikuwa na la kusema.

Sasa nirudi kwa David na Kathleen, maana bila wao haya yote ni vifungu vya sheria tu.

Walipojua kuna mjukuu, walihama. Waliacha maisha yao California wakahamia St. John's, mji ulioko ukingoni kabisa mwa Amerika ya Kaskazini, penye ukungu na upepo wa Atlantiki, mahali ambapo kila barabara ilikuwa na uwezekano wa kuwakutanisha na mtu waliyeamini amemuua mtoto wao. Wengi wetu tukifiwa namna hiyo tungefanya kila njia tuwe mbali naye. Wao walikwenda alipo, kwa sababu alipo ndipo alipokuwa mjukuu.

Na sheria haikuwa upande wao. Sheria ya familia huanza na mzazi. Babu na bibi, hata wawe na mapenzi ya kujaza nyumba, ni waombaji. Waliomba mahakamani wapewe malezi, na wakati wanasubiri waliomba angalau kumwona. Turner alipokuwa gerezani kati ya Novemba 2002 na Januari 2003, Zachary alikaa nao. Wiki nane hivi. Filamu ina picha za kipindi hicho, na ukizitazama unaweza kusahau kwa dakika nzima kwamba kuna kesi popote duniani. Kisha mama akatoka, na mtoto akarudishwa kwake.

Kuanzia hapo kumwona Zachary kulipitia kwa Turner. Kwa hiyo walijifunza kuwa wapole kwake. Walipokea simu zake. Walizungumza naye kuhusu maziwa, usingizi na homa ya mtoto, kwa sauti ileile ambayo wakwe wowote wangemzungumzia nayo mama wa mjukuu wao. Si kwamba walisamehe. Neno moja kali lingeweza kuwagharimu wiki nzima bila mtoto, na lingeweza kusomwa mahakamani kama ushahidi kwamba ni watu wa chuki. Kwa hiyo walimeza. Sijui neno la Kiswahili linalotosha kwa subira ya namna hiyo. Tunasema mtu amepiga moyo konde, lakini konde moja halitoshi kwa mwaka mzima.

David amesema wazi kwamba alifikiria kumuua Turner yeye mwenyewe. Katika mikono ya mtengenezaji mwingine, kauli hiyo ingewekwa ili tushtuke. Hapa inatoka kwa mzee aliyekwishalipima jambo lenyewe kama mtu anavyopima safari, akaona gharama yake angeibeba Kathleen. Kila jioni alichagua tena kuwa babu anayefuata utaratibu, akiamini utaratibu utafika.

Haukufika. Tarehe 18 Agosti 2003, Shirley Turner alimchukua Zachary akaingia naye katika maji ya Conception Bay. Wote wawili walikufa. Mtoto alikuwa ametimiza miezi kumi na mitatu siku hiyohiyo. Mashtaka ya kumuua Andrew hayakusikilizwa kamwe, na kwa hiyo hakuna mahakama iliyowahi kumtia Turner hatiani. Naandika hilo kwa sababu ndivyo ilivyo, na kwa sababu linaonyesha ni mzigo gani uliachwa kwa wazazi: mtoto amekufa, mjukuu amekufa, na hata hukumu hawakuipata.

Ndani ya filamu, habari hii inamfikia mtazamaji jinsi ilivyoifikia familia, bila kuandaliwa. Kuenne anasimulia kwa sauti yake mwenyewe, akiongea na Zachary moja kwa moja, wewe, baba yako, babu yako, na ghafla aliyekuwa akiandikiwa hayupo. Wapo waliolalamika kwamba huo ni ujanja wa kuwaumiza watazamaji. Sikubaliani nao. Kuenne alikuwa ameianza barua akiamini itasomwa. Kama angetuambia tangu dakika ya kwanza kwamba mtoto atakufa, tungeitazama nusu nzima ya mwanzo tukiwa tumekwishajikinga, na tusingeelewa kilichoibwa.

Lawama nyingine ina uzito zaidi. Filamu haijaribu kumtazama Shirley Turner kwa jicho la tatu. Maisha yake ya nyuma yanapita haraka, na hali yake ya akili inatajwa kama kielelezo cha hatari tu. Mtu anayetaka picha pana lazima aende kwenye ripoti ya Markesteyn, yenye juzuu tatu. Lakini Kuenne hakuficha anasimama wapi. Aliandika, akapiga picha, akahariri na hata akatunga muziki mwenyewe, na kila mkato wa filamu unasikika kama mtu anayevuta pumzi ili asilie. Barua ya rafiki haidai kuwa hukumu ya jaji, na tukiisoma kama barua hatupotei. Mapato yake alielekeza kwenye mfuko wa masomo wenye jina la Andrew na Zachary.

David na Kathleen nao walikuwa na kazi ya kufanya. David aliandika kitabu kuhusu yaliyowapata, kikatoka mwaka 2007. Wakapigania sheria ibadilishwe, na hapa inafaa kueleza hasa kilichobadilika, kwa kuwa mara nyingi husemwa kijuujuu kwamba Kanada ilitunga sheria ya kuwanyima dhamana wauaji. Haikutunga. Oktoba 2009 Scott Andrews, mbunge kutoka Newfoundland, aliwasilisha muswada uliopewa nambari C-464, ambao watu waliuita muswada wa Zachary. Ulikuwa mfupi sana. Katika ile sababu ya pili ya kumzuia mtuhumiwa, panapotajwa usalama wa umma wakiwemo waathirika na mashahidi, uliongeza maneno machache: mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Ulipita, ukawa sheria Desemba 2010.

Nyongeza hiyo haifungi mikono ya jaji. Haimlazimishi kumnyima mtu dhamana. Inamzuia tu asilipite swali la tatu akiwa na haraka ya kujibu la pili. Mtu anaweza kusema mtoto alikuwa tayari sehemu ya umma hata kabla ya hapo, na kwa mantiki yuko sawa. Ila tumeona lile neno umma lilivyosomwa Januari 2003, kama kundi la watu wasiomjua mtuhumiwa, wanaopita mtaani. Mtoto anayelala chumba cha pili hakuonekana humo. Sasa ameandikwa kwa jina la umri wake, na anayesoma kifungu hicho hawezi kudai hakumwona.

Kuhusu filamu, barua iliyopoteza msomaji wake ilipaswa kupelekwa kwingine. Kuenne alirudi kwa watu wale aliowahoji katika nchi tatu, wanafunzi wenzake Andrew, madaktari, marafiki wa utotoni, jamaa. Mwishoni hawazungumzi tena kuhusu Andrew. Wanazungumza kuhusu wazee wawili waliohamia kwenye mji wa ukungu kwa ajili ya mtoto mchanga, na wanawaambia David na Kathleen, mmoja baada ya mwingine, kwamba wanawapenda.